SOMO LA MWEZI: Kuiagiza na Kuipima Akili Mnemba Inapotafsiri au Kuhariri Maandishi Yako

Kikao cha kutoa maoni kimepangwa kuanza saa tatu asubuhi. Tangazo limeandikwa kwa Kiingereza, na saa imeandikwa 9:00 a.m. Katibu wa kikundi cha wafanyabiashara analipiga picha, analiweka kwenye programu ya akili mnemba simuni mwake, na tafsiri inayorudi inasema "saa tisa". Anaituma kwenye kundi la WhatsApp la wadi bila kuisoma mara ya pili. Mama mboga anayefunga kibanda chake na kufika saa tisa alasiri anakuta viti vimekusanywa na daftari la mahudhurio limefungwa. Ushuru wa soko lake umejadiliwa bila yeye.

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini kosa lenyewe ni la kweli na hutokea kwa urahisi. Halisababishwi na mtu mbaya wala mashine mbovu. Linasababishwa na mambo mawili: agizo fupi mno, na tafsiri iliyotumwa kabla ya kupimwa.

Wakazi wengi sasa wana programu kama ChatGPT, Gemini au Claude kwenye simu zao na wanazitumia kutafsiri matangazo, kuandika barua na kusahihisha maombi ya basari. Somo hili linakuonyesha jinsi ya kuandika agizo zuri, jinsi ya kulipima kabla ya kulitegemea, na mahali ambapo hufai kuitegemea mashine peke yake. Unahitaji simu, daftari na kalamu.

KWA NINI JAMBO HILI LINAKUHUSU

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti liendeshe shughuli zake hadharani na kuwashirikisha wananchi.

Haki hizi zina tarehe zake. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka wa 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mkazi anayetaka barabara au zahanati yake iingie katika mpango anapaswa kuzungumza kwa wakati wake, si baadaye. Hati nyingi za shughuli hizi huandikwa kwa Kiingereza. Mtu anayewatafsiria majirani zake kwa hivyo anafanya kazi ya maana, na kosa lake linaweza kumnyima mwingine nafasi ya kusikizwa.

MASHINE INAFANYAJE KAZI

Programu hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi sana, na hujibu kwa kukadiria neno linalofaa kufuata neno lililotangulia. Maandishi ya Kiingereza waliyozifunza nayo ni mengi kuliko ya Kiswahili. Hata katika Kiswahili chenyewe, zimechanganyiwa maandishi ya Kenya na ya Tanzania, ndiyo maana unaweza kukuta kaunti imeitwa wilaya au mkoa, na mwakilishi wadi ameitwa diwani.

Kumbuka mambo mawili zaidi. Kwanza, mashine haijui msomaji wako ni nani wala unataka afanye nini, mpaka uiambie. Pili, huandika kosa kwa lugha nyoofu ileile inayoandikia ukweli. Ulaini wa sentensi si ushahidi kwamba tafsiri ni sahihi.

TANGAZO LA MAJARIBIO

Tuchukue tangazo la Kiingereza ambalo maana yake sahihi ni hii:

"Wananchi wanaalikwa kutoa maoni kuhusu Mswada wa Fedha wa Kaunti. Mkutano utafanyika katika ofisi ya wadi siku ya Jumanne, tarehe 11 Agosti, saa tatu asubuhi. Maoni yaliyoandikwa yanapaswa kumfikia Karani wa Bunge la Kaunti kufikia saa kumi na moja jioni tarehe 14 Agosti. Wafanyabiashara wenye leseni wanaweza kuja na risiti zao. Hakuna ada itakayotozwa."

Sasa tuseme mtu ameiambia mashine maneno mawili tu, "Tafsiri hii", akapata jibu hili:

"Umma unaalikwa kutoa maoni kuhusu bili ya fedha ya wilaya. Mkutano utafanyika katika ofisi ya wodi siku ya Jumanne, tarehe 11 Agosti, saa tisa asubuhi. Maoni yaliyoandikwa yanapaswa kumfikia karani kabla ya tarehe 14 Agosti. Wafanyabiashara wenye leseni lazima waje na risiti zao. Hakuna ada itakayotozwa."

Ukisoma haraka, unaona Kiswahili kizuri. Soma tena ukiwa na kalamu mkononi, na uhesabu makosa:

1. "Bili" ni karatasi ya kudai malipo, kama ya maji au stima. Kinachojadiliwa ni mswada.

2. "Wilaya" si kaunti.

3. "Wodi" ni chumba cha wagonjwa hospitalini. Mkutano uko katika ofisi ya wadi. Kiingereza hutumia neno moja, "ward", kwa vyote viwili.

4. "Saa tisa asubuhi" si saa ambayo mtu yeyote angeitisha mkutano. Msomaji atalazimika kukisia, na wengi watakisia alasiri.

5. "Karani" ametajwa bila ofisi yake. Makarani ni wengi, na barua inaweza kupelekwa kwa asiyehusika.

6. "Kabla ya tarehe 14" imemnyang'anya mwananchi siku nzima. Tarehe 14 yenyewe imo, hadi saa kumi na moja jioni, na saa hiyo haikutajwa kabisa.

7. "Lazima" imechukua nafasi ya "wanaweza". Mfanyabiashara aliyepoteza risiti atabaki nyumbani akidhani hataruhusiwa kuingia.

Makosa ni saba katika sentensi tano. Manne kati ya hayo, la nne, la tano, la sita na la saba, yanaweza kumfungia mtu nje ya kikao au kumpotezea barua yake.

KUANDIKA AGIZO ZURI

Agizo ni maneno unayoiandikia mashine kuieleza kazi. Liandike kama unavyomwelekeza kijana mgeni ofisini: ni hodari na mwepesi, lakini hajawahi kufika katani kwenu. Agizo zuri la kutafsiri lina sehemu sita.

Kazi: kutoka lugha gani hadi lugha gani, na Kiswahili cha wapi.

Msomaji: ni nani, na atasoma au atasikia likisomwa.

Istilahi: maneno ya serikali na namna yanavyoitwa hapa kwetu.

Visivyoguswa: tarehe, pesa, majina ya watu na ya mahali.

Shaka: mashine ifanye nini ikikuta maneno yenye maana mbili.

Ukaguzi: mashine ikupe nini cha kukusaidia kuhakiki.

Huu hapa mfano unaoweza kuunakili na kuubadilisha kulingana na kazi yako:

"Tafsiri tangazo lililo hapa chini kutoka Kiingereza hadi Kiswahili sanifu kinachotumika Kenya. Wasomaji ni wakazi wa kaunti, na wengi watalisikia likisomwa kwa sauti barazani, kwa hivyo tumia sentensi fupi. Tumia maneno haya: kaunti, kaunti ndogo, wadi, mwakilishi wadi, mswada, Bunge la Kaunti, zabuni. Badilisha saa ziwe za Kiswahili, kisha uandike saa ya asili kwa tarakimu baada yake, kwa mfano: saa tatu asubuhi, yaani 9:00 a.m. Usibadilishe tarehe, kiasi cha pesa, majina ya watu wala ya mahali. Jambo la lazima libaki la lazima na la hiari libaki la hiari. Usiongeze wala usipunguze habari. Ukikuta maneno yenye maana mbili, usikisie, niulize mwishoni. Ukimaliza kutafsiri, orodhesha kila saa, tarehe, kiasi cha pesa, na kila jambo la lazima au la hiari, jinsi lilivyo katika Kiingereza na jinsi ulivyoliandika."

Tazama sehemu ya saa. Kuandika saa kwa namna zote mbili kunamlinda msomaji hata mashine ikikosea: atakayeona "saa tisa, yaani 9:00 a.m." atashtuka na kuuliza. Orodha ya mwisho nayo inakupunguzia kazi, kwa sababu utalinganisha mambo machache yenye uzito badala ya kuwinda makosa katika kila mstari. Hata hivyo, ilinganishe na tangazo la asili wewe mwenyewe. Mashine iliyokosea katika tafsiri inaweza kurudia kosa lilelile katika orodha.

Agizo lenyewe unaweza kuliandika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Jaribu yote mawili na ushike linalofaulu majaribio yafuatayo.

KULIPIMA AGIZO KABLA YA KULITEGEMEA

Mwenye duka hununua mizani, kisha huijaribu kwa jiwe la kilo ambalo uzito wake unajulikana. Agizo nalo lipime kwa sentensi ambazo tafsiri yake sahihi unaijua tayari. Ukilipima kwa hati usiyoielewa, hutajua kama limefaulu au limeanguka.

Andika sentensi kumi za Kiingereza katika daftari lako, na kando ya kila moja jibu sahihi. Ikiwa Kiingereza chako ni kidogo, mwombe mwalimu au kijana aliyemaliza sekondari mkae pamoja kwa saa moja. Hakikisha sentensi hizo zina mitego hii:

1. Saa ya asubuhi. 9:00 a.m. iwe saa tatu asubuhi.

2. Saa ya mchana. 12:30 p.m. iwe saa sita na nusu mchana, isiwe ya usiku.

3. Mwisho wa muda. "Not later than Friday" inamaanisha Ijumaa yenyewe imo.

4. Lazima na hiari. "Shall" katika sheria huwa ni lazima. "May" huwa ni hiari au ruhusa.

5. Kanusho juu ya kanusho. Sentensi kama: hakuna ombi litakalopokelewa isipokuwa limetiwa muhuri wa chifu. Mashine isije ikasema ombi lenye muhuri ndilo halitapokelewa.

6. Pesa yenye nukta. Sh1.5 milioni ni shilingi milioni moja na nusu, si milioni kumi na tano.

7. Tarehe ya tarakimu. Kwetu 5/6 ni tarehe 5 Juni. Marekani husoma Mei 6, na mashine inaweza kufuata ya huko.

8. Neno moja lenye maana mbili. Tunga sentensi yenye wadi ya kaunti na wodi ya hospitali kwa pamoja.

9. Jina la mahali. Soy katika Kaunti ya Uasin Gishu isigeuke soya. Ukitafsiri kuelekea Kiingereza, Maji Moto iliyo Narok ibaki Maji Moto.

10. Sentensi yenye utata. Kiingereza kikisema "old men and women" watasajiliwa kwanza, je, ni wanaume wazee na wanawake wote, au ni wazee wa kiume na wa kike pekee? Jibu sahihi hapa si tafsiri. Jibu sahihi ni swali. Mashine ikichagua upande mmoja kimyakimya, imeanguka, kwa maana mama wa miaka thelathini anaweza kupanga foleni siku nzima akaambiwa arudi nyumbani.

Ukishaziandaa, fuata hatua hizi.

Anza na mazungumzo mapya. Mashine hukumbuka yaliyotangulia katika mazungumzo yaleyale, hivyo ukiwa umeisahihisha hapo juu, itaonekana hodari kuliko ilivyo.

Rudia mara tatu. Agizo lilelile na sentensi ileile zinaweza kuleta majibu tofauti. Sentensi iliyofaulu mara mbili na kuanguka mara moja haijafaulu.

Badilisha jambo moja kwa wakati. Ukiongeza kanuni ya saa na ya istilahi kwa pamoja, hutajua ni ipi iliyosaidia na ipi iliyoharibu.

Andika kila kitu. Katika daftari weka tarehe, jina la programu, agizo ulilotumia na matokeo ya kila sentensi. Programu hizi husasishwa mara kwa mara, na agizo lililofaulu mwezi huu linaweza kuanguka baada ya miezi michache. Lipime tena.

Weka sentensi tatu za akiba. Usizitumie unapolirekebisha agizo. Zitoe mwishoni tu. Ni rahisi kulitengeneza agizo likafaulu sentensi kumi ulizozizoea, kama mwanafunzi aliyekariri majibu ya mtihani wa mwaka jana. Sentensi za akiba ndizo zitakazokuambia kama limeelewa kazi.

Kuhusu alama, usikubali kudanganywa na jumla. Agizo lililopata tisa kwa kumi linaonekana limepita, lakini ikiwa ile moja iliyopotea ni tarehe ya mwisho ya basari, mtoto wa mtu hataenda shule. Gawanya makosa mara mbili. Makosa ya lugha, kama neno zito au sentensi ndefu, yapunguzie nusu alama. Makosa ya saa, tarehe, pesa, kanusho, jina, lazima na hiari hayana nusu: moja tu likitokea, agizo limeanguka, nawe rudi ulirekebishe.

KIPIMO CHA JIRANI

Kuna njia ambayo wengi huipenda: kuchukua tafsiri ya Kiswahili na kuiambia mashine iirudishe katika Kiingereza, kisha kulinganisha na ya asili. Njia hii hufichua makosa fulani, kama habari iliyoachwa. Lakini haitoshi. Mashine iliyogeuza 9:00 a.m. kuwa "saa tisa asubuhi" inaweza kuirudisha "saa tisa asubuhi" kuwa 9:00 a.m., na wewe utaona kila kitu kimelingana. Kosa limekwenda na kurudi bila kuonekana.

Kipimo kinachoishinda hicho ni jirani yako. Mpe mtu ambaye hajaliona tangazo la Kiingereza asome tafsiri, au umsomee. Usimwulize, "Umeelewa?" Kwa heshima yake atakuambia ameelewa. Mwulize, "Mama Wanjiru, wewe utafanya nini? Utafika wapi, siku gani, saa ngapi? Utabeba nini? Ukikosa kufika, barua mwisho wake ni lini?" Majibu yake yakilingana na tangazo la asili, tafsiri imefanya kazi. Yakitofautiana, usimlaumu yeye. Rekebisha maandishi.

KUHARIRI: NENO "BORESHA" LINAVYOWEZA KUKUHARIBIA BARUA

Kuhariri kuna hatari yake. Hapa hutafsiri, unataka barua yako isomeke vizuri. Tuseme kamati ya maji imeandika hivi:

"Sisi kamati ya maji tunadai kujua ni kwa nini pampu ilioharibika tarehe 3 Februari haijatengenezwa mpaka leo. Familia 140 zinatembea kilomita 6 kutafuta maji. Tuliandika barua ya kwanza mwezi wa Machi, akuna aliyetujibu."

Katibu anaiambia mashine, "Boresha barua hii," na kupata:

"Tunaandika kwa heshima kuomba msaada wenu kuhusu changamoto ya upatikanaji wa maji katika eneo letu. Familia nyingi zimeathirika kwa muda sasa. Tutashukuru sana kwa ushirikiano wenu."

Kiswahili kimenyooka, makosa ya tahajia yameisha, na barua imekufa. Tarehe ya pampu kuharibika haipo. Familia 140 zimekuwa "nyingi". Kilomita 6 zimepotea. Barua ya kwanza isiyojibiwa haitajwi tena. Waliokuwa wanadai jibu sasa wanaomba msaada. Afisa atakayeipokea hana la kufuatilia, na kamati haina la kuonyesha baadaye kwamba ililalamika lini na kuhusu nini.

Agizo salama la kuhariri ni hili:

"Sahihisha tahajia, nafasi kati ya maneno na uakifishaji pekee katika barua iliyo hapa chini. Usibadilishe maana, uzito wa maneno, tarehe, idadi wala mpangilio wa hoja. Usiongeze maneno ya adabu ambayo sikuyaandika. Ukikuta sentensi usiyoielewa, iache ilivyo na uniulize. Mwishoni, orodhesha kila badiliko: nilivyoandika mimi, ulivyoandika wewe, na sababu."

Kwa agizo hili, barua ya maji ingepaswa kubadilika mahali pawili tu: "ilioharibika" iwe "iliyoharibika", na "akuna" iwe "hakuna".

Kulipima agizo la kuhariri, chukua barua safi na uipande makosa matano kwa makusudi, kama "kwasababu" badala ya "kwa sababu", au "inje" badala ya "nje". Katika barua hiyohiyo, acha mambo matano ambayo ni sahihi lakini mashine inaweza kuyashuku: jina la kijiji, jina la ukoo, neno la lahaja yenu, idadi isiyo ya kawaida, na sentensi kali. Kisha hesabu mara mbili: makosa mangapi yamesahihishwa, na mambo mangapi sahihi yameachwa salama. Mhariri anayesahihisha makosa yote matano lakini anagusa jina la kijiji hajakusaidia.

MAMBO YA FARAGHA

Unachokiandika kwenye programu hizi hutoka simuni mwako na kwenda kwenye mitambo ya kampuni nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inalinda habari za watu binafsi, nawe unaposhika barua za wengine umeshika siri zao. Usiweke nambari za kitambulisho, nambari za simu, majibu ya hospitali, majina ya watoto wanaoomba basari wala nambari ya siri ya M-Pesa. Kabla ya kunakili barua, andika MTU A, MTU B na NAMBARI 1 mahali pa habari hizo. Ukishapata jibu, rudisha habari halisi kwa mkono wako.

WAPI USIITEGEMEE MASHINE PEKE YAKE

Maelezo ya kipimo cha dawa, mikataba ya ardhi, hati za mahakama na makubaliano ya mkopo zinahitaji mtu mwenye ujuzi azisome kabla hujatia sahihi au kumeza kidonge. Mashine inaweza kukupa picha ya kwanza ili ujue maswali ya kuuliza, lakini isiwe neno la mwisho.

Vivyo hivyo kwa lugha zetu za mama. Ibara ya 7 inaitaka serikali iendeleze na kulinda lugha za jamii za Kenya, Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Lugha yenye maandishi machache kwenye intaneti huipa mashine kitu kidogo cha kujifunzia, hivyo makosa yake huwa mengi zaidi na ni magumu kuyaona. Usisambaze tafsiri ya namna hiyo kabla mzee au mama anayeijua lugha vizuri hajaisikiliza.

Unaposambaza tafsiri yoyote uliyoifanya, andika juu yake "Tafsiri isiyo rasmi", weka picha ya tangazo la asili pamoja nayo, na useme tangazo la asili linapatikana wapi. Ukiwa na shaka kuhusu saa, tarehe au mahali, mwulize msimamizi wa wadi yako kabla ya kutuma. Ukigundua umekosea baada ya kutuma, tuma masahihisho mara moja kwenye kundi lilelile, na useme wazi ni neno gani lilikuwa na kosa.

ZOEZI LA MWEZI HUU

Tafuta tangazo moja la Kiingereza lililobandikwa katika ofisi ya chifu, ofisi ya wadi au zahanati iliyo karibu nawe. Litafsiri mara mbili: kwanza kwa kusema "Tafsiri hii" tu, kisha kwa agizo refu la somo hili, kila moja katika mazungumzo mapya. Weka tafsiri mbili kando kwa kando na uzungushie duara kila saa, tarehe, kiasi cha pesa na kila "lazima". Halafu mwendee jirani mmoja na umwulize atafanya nini.

Kazi hii haizidi saa moja, na kikundi chenye daftari la sentensi kumi na agizo moja lililopimwa kinaweza kulitumia mwaka mzima. Siku tangazo lijalo litakapobandikwa, kikundi hicho kitafika kikaoni saa tatu asubuhi, kikiwa na hoja zake mkononi.